Aliyeandika Ukuta wa Saliba

Ni nani kati yenu mliokaa hapa, kuanzia benchi la mbele mpaka wale mliosimama mlangoni, ambaye hajawahi kuufuta mwandiko wa Mitri kwa mikono yake mwenyewe, kwa ndoo ya chokaa na brashi ya kuazima, askari akiwa amesimama mgongoni? Msihangaike kuinua mikono, tunajuana, hata ukuta wa kanisa hili ulifutwa mara tatu, na Padri wa wakati ule alifuta huku akikohoa ili asisikike anavyotukana.

Familia ya marehemu inawashukuru kwa kufika, na inawasomea historia ya mzee wetu Mitri Jadallah Khair, ambaye wengi wenu mlimwita Abu Naim, kama alivyoagiza yeye mwenyewe isomwe, yaani nzima, bila kupakwa chokaa popote, na aliagiza isianze mpaka Saliba Yaqub awe ameketi, na Saliba ameketi, yule pale benchi la pili, upande wetu, kwa hiyo tunaanza.

Marehemu alizaliwa hapa Beit Sahur, Jumatano tarehe 7 Februari 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya kisima cha mtaa, akiwa mtoto wa nne wa Jadallah Khair, mchongaji wa misalaba ya mti wa mzeituni, na mkewe Hilwe, ambaye alisema mtoto huyu alizaliwa amekunja vidole vitatu kama aliyeshika kitu, ingawa inajulikana kuwa bibi Hilwe alisema hivyohivyo kwa watoto wake wote sita.

Mwaka 1957 alianza masomo katika shule ya parokia, akaendelea mpaka mwaka 1966, na jambo pekee lililoandikwa kumhusu katika daftari la shule ni viboko vinne alivyochapwa na mwalimu wa hesabu kwa kuchora jina la mwalimu huyo juu ya dawati, viboko ambavyo vilifuatwa, baada ya kipindi, na mwalimu yuleyule kumwita pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Hebu njoo Jumamosi uniandikie lile jina pale mlangoni kwangu, lakini usimwambie mtu." Septemba ya mwaka huohuo alipelekwa Yerusalemu, mji wa kale, kwa fundi wa mabango Mwarmenia aliyeitwa Usta Hagop, akamfagilia duka, akamkorogea rangi, na kwa miezi mitano hakuruhusiwa kuchora chochote ila mstari mmoja mnyoofu, na mwaka uliofuata vita vilipopita na bendera zikabadilishwa juu ya majengo, Usta Hagop alitazama nje, akatazama ndani, akamwambia, "Yalla, rudi kwenye mstari wako," naye akarudi, na akakaa hapo mpaka mwaka 1971.

Tarehe 3 Machi 1972 alifungua duka lake mwenyewe Bethlehemu, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka arobaini mkono wake ndio uliowaambia watu wa wilaya hii wako wapi na wanaingia kwa nani, maana mabango ya waokaji, ya madaktari wa meno, ya washona suti, ya duka la dawa la mtaa wetu, yote ni yake, na Waislamu wenzetu wa vijiji vya jirani walipokwenda kuhiji, ni Mitri huyu Mkristo aliyeitwa kupamba mbele ya nyumba zao kabla hawajarudi, Kaaba, mitende, na ndege ya kuwarudisha. Hajj Rabah, ambaye yuko nasi leo, aliporudi mwaka 1979 alisimama uani kwake akasema, "Ya Mitri, ndege yako kubwa kuliko Makka!" naye akamjibu kutoka juu ya ngazi, "Makka haina haja ya kukubeba, Hajj, ndege inayo."

Alifunga ndoa na Wadia binti Fuad Salama Jumapili tarehe 21 Septemba 1975, katika kanisa hilihili, baada ya kumfahamu kwa miezi minane, tangu siku Wadia alipokuja dukani kuchukua bango la tanuri la baba yake, akaliangalia, akasema, "Zuri, lakini linajisikia," na marehemu alikuwa akikiri kwamba hakuna mwalimu aliyemsahihisha vizuri zaidi ya hapo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Naim aliyezaliwa mwaka 1977, ambaye yuko Chile na anatusikiliza kwa simu hii iliyo mezani, Samar aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ametoka Ramallah jana saa saba mchana na kufika saa mbili usiku, safari ambayo bila vizuizi vya askari barabarani ni ya kuchemsha maharage, na Lamis aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye amemuuguza mpaka mwisho, na marehemu ameacha wajukuu saba.

Sasa tunafika mahali ambapo historia kama hizi huwa zinapita mbio, na marehemu alikataza kupita mbio. Desemba ya 1987 watu walipoinuka dhidi ya jeshi lililotukalia, magazeti yakawa yanafika yamenyofolewa na redio ikawa inazungumzia hali ya hewa, kuta ndizo zilizokuwa gazeti letu, ukutani ndipo tuliposoma siku ya mgomo, saa ya kufunga maduka, nani ameshikwa, nani ameuawa, na kwamba bado tupo, na Mitri, mtu mwenye mke na watoto watatu na duka, akawa mmoja wa waliokuwa wakiandika. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba mwandiko wake ulijulikana na kila mtu kuliko uso wake, kwa hiyo ilimbidi aandike kwa mkono wa kushoto, vibaya kwa makusudi, herufi zimepinda, mistari inateremka kama mlevi, na ilimuuma, jamani, ilimuuma kuliko hofu ya jela, Wadia alikuwa akipita asubuhi na kikapu chake, anasoma, anarudi nyumbani anamwambia, "Leo kuku amepita pale kwa mwokaji na miguu yenye rangi," naye anakunywa chai yake.

Nanyi mnajua desturi ya jeshi ilikuwaje, aliyeandika akishaondoka, anayeburutwa ni mwenye ukuta, anagongewa, anatolewa na nguo za kulalia, kitambulisho kinachukuliwa na hakirudi mpaka ukuta uwe mweupe, ndiyo maana akina mama walikuwa wanachungulia dirishani wanawafokea vijana waliojifunga vitambaa usoni, "Nenda kaandike ukutani kwa mama yako!" na ndiyo maana waandishi wenyewe walikuwa na orodha ya kuta zisizoguswa, ukuta wa mjane, ukuta wa mgonjwa, ukuta wa mtu ambaye akichukuliwa kitambulisho nyumba nzima inalala njaa. Ukuta wa Saliba Yaqub ulikuwa kwenye orodha hiyo. Saliba alikuwa fundi lipu, kila alfajiri akipanda kwenda Yerusalemu, kilomita tisa, kukarabati kuta za nyumba moja ya watawa, watoto watano walikula kwa safari hiyo, na Mitri alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu Saliba alikuwa jirani yake, milango yao ikitazamana ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyesimama naye siku ya harusi.

Mwishoni mwa Machi 1989 Saliba alipiga lipu mpya ukuta wake wa mbele, kwa sababu binti yake wa kwanza alikuwa anaposwa, na mliouona ukuta ule mnajua tunachosema, ulikuwa laini kama yai, mita sita bila mshono, bila kovu, na kila siku Mitri alikuwa akiupita akienda dukani na kuupita akirudi. Alisema kwamba kwa siku tano nzima alijaribu kupita upande wa pili wa barabara. Jumanne tarehe 4 Aprili 1989, saa nane mchana, maduka yamefungwa kwa mgomo, mji wote umo ndani unakula, alichukua kopo la rangi nyeusi na brashi yake bora, ile ya manyoya aliyoachiwa na Usta Hagop, akaandika kwenye ukuta wa Saliba, kwa mkono wa kulia, kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa shule, MJI HUU UNA WENYEWE. Dakika kumi na moja. Hakuna aliyemtuma, na maneno hayo yangeweza kukaa kwenye ukuta wa shule, ila marehemu alisema tuisome hivi, kwamba nusu ya sababu ilikuwa nchi, na nusu ilikuwa ukuta ule mzuri.

Saa kumi jeshi likafika. Saliba akatolewa, akakabidhiwa ndoo, na ofisa akamwambia, "Futa," naye Saliba, mbele ya mtaa mzima, akaugusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Lipu hii ina siku sita, haijakauka ndani, nikipaka chokaa leo itabanduka yote, mimi ni fundi, siharibu kazi, njooni baada ya wiki mbili." Ofisa akadhani anadhihakiwa. Akaulizwa nani ameandika, akasema hajui kusoma, Saliba huyu anayesoma nyaraka za mitume hapa kanisani kila Jumapili. Na kilichokuwa cha ajabu, karibu cha kuchekesha kama kisingekuwa cha kulia, ni kwamba hatua kumi kutoka pale, ng'ambo ya barabara, lilikuwa bango la duka la dawa, mkono uleule, mkunjo uleule, na chini ya bango hilo alikuwa amesimama Mitri mwenyewe, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali kwa sababu kucha zilikuwa na rangi. Mtaa mzima ulisoma ukuta, ukasoma bango, ukamtazama Mitri, ukanyamaza, na Saliba naye alimtazama, mara moja tu, kisha akapandishwa kwenye gari. Mchana ule Mitri alikuwa na hatua kumi za kutembea na sentensi moja ya kusema, hakutembea, na hakusema.

Jioni Wadia alimuuliza, "Utakwenda kuwaambia?" akajibu, "Kesho." Kesho hiyo ilichukua miaka thelathini kasoro miezi michache.

Saliba alikaa miezi kumi na minne katika gereza la jangwani, akatoka Juni 1990 na kitambulisho cha kijani, kile walichopewa waliotoka jela ili wasivuke, na tangu siku hiyo mpaka leo hii tunapozungumza hajaiona Yerusalemu, kazi yake ya watawa ikaenda, akawa anapiga lipu mabanda ya kuku, hakumtaja Mitri kwa askari wala kwa mtu yeyote, na hakumsalimu tena Mitri, wala Nuha mkewe hakumsalimu tena Wadia, wakaishi mlango kwa mlango, wakikaa pande mbili za kanisa hili kama maharusi waliogombana. Mwaka 2004 ulipoinuka ule ukuta mkubwa wa zege wa kututenga na Yerusalemu, vijana walimwomba Mitri akaandike, wengi mkashangaa alivyokubali kwa furaha, akienda karibu kila wiki na kopo lake mchana kweupe, na alipoulizwa alisema, "Huu ndio ukuta pekee katika nchi hii ambao ukiuandika hakuna jirani atakayeburutwa kuufuta," na vijana wakacheka, wakadhani ni utani wa mzee. Vijana haohao wenye shahada zao, waliokuwa wakishinda wameegemea duka lake kwa kukosa kazi, aliwaambia, "Leteni hizo shahada niziwekee fremu, angalau mimi nipate kazi." Na mwaka 2009 waheshimiwa wa mji, wale wanaopenda maikrofoni, walimpa ngao yenye maneno Kalamu ya Mtaa, wakasifia ukuta wa 1989, wakapiga makofi, Saliba akiwa kiti cha mwisho kabisa karibu na choo, na Mitri akaipokea, akaenda nayo nyumbani, na tangu siku hiyo Wadia alikuwa akiweka sufuria ya moto juu yake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2013, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, daktari akaupa jina, Mitri akaufunga mlango wa duka, ambalo hata hivyo mashine za kuchapa mabango zilikuwa zimeshalimaliza, na Novemba 2018 ikaonekana saratani ya mapafu, na hapo ndipo alipowaita wanawe akasema hataki dawa yoyote inayomchelewesha ila moja, anataka watu waende kwa Saliba. Jumapili tarehe 13 Januari 2019 jaha, yaani ujumbe wa kuomba suluhu, ilikwenda, wazee tisa, Padri mbele, Hajj Rabah pembeni yake, Mitri nyuma kabisa na fimbo yake, wakavuka barabara ambayo Mitri hakuivuka kwenda kwa Saliba kwa miaka yote hiyo, wakakaribishwa, kahawa ikaletwa, na kama ilivyo desturi wakaiweka mezani bila kuigusa, Padri akasema, "Hatunywi, Abu Yaqub, mpaka utupe tulichokijia." Kahawa ikapoa, Nuha akaleta nyingine, nayo ikapoa, akaleta ya tatu akasema, "Jamani, buni inatoka mbali, msininyanyase," wakacheka kidogo kwa woga, na Saliba akasema, si kwa Padri bali kwa Mitri, "Sitaki fidia. Sitaki unilie. Uliandika mchana, kwa mkono wa kulia, kwenye ukuta wangu. Andika tena hapohapo, useme ni nani." Wakatoka bila kunywa.

Familia ilijua kwamba asingeweza, kijiko cha supu alikuwa akilishwa na Lamis. Jumatatu tarehe 21 Januari, saa nne asubuhi, tulipompeleka na kiti chake, tulimkuta Saliba tayari yuko nje, umri wake miaka sabini na mitano, na mwiko wake na ndoo, anamalizia kulainisha kipande cha lipu kama meza ndogo, na alipoona tumeduwaa alisema, "Mnatazama nini? Siwezi kumwacha mtu aandike kwenye ukuta mbovu." Wakangoja ishike juu juu, mmoja huku, mmoja kule, hawasemezani. Kisha Mitri akaandika. Ilimchukua saa mbili na dakika arobaini, mara nne brashi ilianguka, hakukubali kushikwa mkono, na herufi zilitoka zimevunjika, zinatambaa, mbaya kuliko zile za kushoto za zamani, lakini zilisomeka, na ziko pale hadi sasa, mtazipita mkienda makaburini, Mimi Mitri Jadallah ndiye niliyeandika hapa tarehe 4 Aprili 1989, Saliba Yaqub hakuandika. Saliba akasoma mpaka mwisho, akarudia, akasema, "Mwandiko wako umekuwa mbaya sana, ya zalameh, mwanaume wewe," naye Mitri akajibu, "Ndiyo, sasa hawatanitambua." Saliba akageuka upande wa mlango akamwita mkewe, "Um Yaqub! Leta kahawa," na ilipokuja alimshikia Mitri kikombe mdomoni, kwa kuwa kilikuwa kikimwagika, akamwambia, "Kunywa, khalas, yamekwisha," na waliokuwepo watathibitisha kwamba mtaa mzima ulipumua, watu walikaa barabarani pale mpaka jioni kama siku ya harusi, na Wadia na Nuha walishikana mikono wakaongea mambo ya miaka ishirini na tisa bila kupumzika, kuanzia bei ya mafuta ya zeituni.

Marehemu hakutosheka. Jumanne tarehe 29 Januari aliomba apelekwe ofisi ya vibali ya jeshi, ajisalimishe, zuio la Saliba liondolewe. Alifika saa moja asubuhi na kiti chake, na karatasi ya wakili, na picha ya ukuta, akaambiwa kupitia kioo kwamba hana miadi, akaeleza kwamba amekuja kukiri kosa, akaambiwa hakuna fomu ya kukiri, kuna fomu ya kuomba, akaomba apewe hiyo, akaambiwa aombaye lazima awe mwenye zuio, na mwenye zuio haruhusiwi kuomba kwa kuwa ana zuio, basi akacheka, akacheka mpaka mashine ya hewa ikalia, na njiani kurudi alimwambia Lamis, "Miaka thelathini nimewaogopa watu hawa, kumbe hata kunikamata hawawezi."

Alilala kitandani kwake, nyumbani kwake, dirisha likitazama ukuta ule, akafariki jana Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa mbili na robo asubuhi, Wadia akiwa ameshika mkono wa kulia na Saliba ameketi kiti cha karibu na mlango, na mkono ule ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2013, na hatutawaficha, kilio chetu leo ni chepesi, tumelala usiku wa jana, kwa sababu kulikuwa na kifo kingine ambacho angeweza kufa, na tulikuwa tumekiogopa kwa miaka mingi.

Familia inamshukuru Daktari Rima na wauguzi waliokuja nyumbani hata siku za mvua, inamshukuru Padri na Hajj Rabah, akina mama wa kanisa waliopika dengu na wali kwa ajili ya wafiwa katika Kwaresima hii, mafundi mabango wenzake waliobaki, wote watatu, majirani waliobandika tangazo la msiba kwenye kila ukuta wa mji, na kwa namna ya pekee nyumba ya Yaqub, ambayo wanaume wake wameomba kubeba jeneza mbele, nasi tumekubali. Nawe Abu Naim, tua mzigo, ulale, umesema ulichokuwa nacho.

Na ninyi mlioko nyuma ya kioo kile, tunajua mnapata habari za misiba yetu kuliko ndugu zetu wa Chile, aliyeandika amepatikana, jina lake liko ukutani kwa mkono wake mwenyewe, tarehe iko, na leo saa nane tunamfukia. Hamna tena mtuhumiwa, mna mzee wa miaka sabini na mitano aliyekataa kuharibu lipu, na kilomita tisa. Toeni jina la Saliba Yaqub kwenye orodha yenu, mleteeni karatasi yake ya kuingia Yerusalemu mlangoni kwake kama mlivyojua kuja kumchukua, na ileteni kabla ya Pasaka.